Msomaji wa Habari wa Chumba cha Cherehani

Tangu astaafu kusoma habari redioni, Mzee Taarifa alikuwa ameigeuza nyumba ya binti yake kuwa studio. Asubuhi, kabla hata maji ya chai hayajachemka, sauti yake nzito ilikuwa tayari inavuma kutoka sebuleni: "Habari zilizotufikia hivi punde kutoka jikoni zinasema sukari imekwisha. Wahusika hawakupatikana kutoa maelezo."

Wahusika wenyewe walikuwa wawili. Mmoja ni mkwewe, fundi bomba, aliyekuwa amejifungia bafuni akijitia hamnazo. Wa pili ni binti yake mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa amelala kifudifudi akitafuta kiatu cha pili chini ya kitanda.

Kazini binti huyo walimwita Mkasi, kwa sababu alikuwa mkata nguo katika karakana ya kushona sare. Alitandika vitambaa tabaka juu ya tabaka kwenye meza ndefu, akachora kwa chaki, kisha akapitisha mashine ya kukatia bila mkono kutetemeka. Wenzake walisema Mkasi angeweza kukata suruali huku anapiga chafya. Lakini nyumbani, kati ya baba na mume, hakujua akate upande gani.

Mwanzoni mambo yale yalichekesha. Fundi bomba mwenyewe alikuwa akienda kuwasimulia mafundi wenzake. Baadaye akaanza kuchelewa kurudi, na jioni moja akamvuta mkewe pembeni.

"Mke wangu, mimi baba namheshimu, wewe unajua. Lakini leo nilikuwa naongea na mteja kwenye simu, baba akapita nyuma yangu na kutangaza kwamba hali ya choo cha mteja huyo bado ni tete. Mteja akaniuliza kama nimempigia nikiwa redioni."

Mkasi alitaka kucheka, akajikaza kisabuni. "Nitaongea naye."

"Utamwambia nini?"

Hapo alikwama, maana alijua fika kinachomsumbua baba yake. Mzee hakuwa mtu wa maneno mengi. Walipokuwa wadogo, yeye na mdogo wake walimsikia zaidi kwenye redio kuliko mezani. Alikuwa akirudi nyumbani amechoka, anakula, ananyamaza. Usiku watoto waliiaga redio, "Lala salama, baba," kisha mama anaizima. Sasa redio ilikuwa imempata msomaji mwingine, mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na sauti ile kubwa ilikuwa imebaki haina pa kwenda isipokuwa kwenye sukari na vyoo vya watu.

Simu ya mkononi alijaribu, ikamshinda. Si kwamba hakujua kuitumia. "Habari za humu hazitulii," alilalamika. "Nikiinua macho ninywe chai, nikirudi habari imekimbia, mahali pake pamekaa tangazo la godoro. Msomaji wa habari anataka karatasi inayokaa. Aipitie kwanza, aijue mwanzo wake na mwisho wake, ndipo afungue mdomo."

Karakana alikofanya kazi Mkasi ilikuwa chini ya ardhi, katika jengo la zamani, juu yake kuna duka la viatu. Kuta zake zilikuwa nene kama za ngome. Ukishuka ngazi tu, simu ilikufa, na redio waliyowahi kuileta ilitoa sauti ya mafuta yanayokaangwa basi. Wanawake walishona kutwa nzima wakipiga soga, na soga zenyewe zilikuwa zimekwisha utamu. Mmoja wao, waliyemwita Ovaloki kwa sababu maneno yake yalitoka mfululizo kama uzi wa mashine ile ya kuziba pindo, alikuwa na kisa cha wifi yake aliyeanguka kwenye pipa la rangi. Alikuwa amekisimulia mara nyingi mpaka wenzake sasa walimsahihisha.

"Pipa lilikuwa la bluu," Ovaloki alianza tena mchana mmoja.

"La kijani," wakaitikia cherehani zote.

Mshona vifungo, mama mtu mzima aliyeitwa Bi Vifungo, akaweka sindano chini. "Jamani, hakuna mtu wa kutuletea jambo jipya humu ndani? Dunia inaweza kupinduka huko juu, sisi tutatoka jioni kuulizana mbona watu wanatembea kwa mikono."

Mkasi aliizima mashine yake ya kukatia. Wazo lilimjia zima, halikuhitaji hata kupimwa.

Jioni ile alimpigia mdogo wake. Huyu alikuwa kitindamimba, na jina la Kitinda lilimganda mpaka ukubwani. Alifanya kazi ya kuandika programu za kompyuta katika mji wa mbali, na likizo zake zilikuwa haba.

"Dada, hilo jambo dogo sana," Kitinda alisema baada ya kuelezwa kwamba zinatakiwa habari ambazo baba atawasomea washonaji mahali pasipo na mtandao.

"Wewe ukisema dogo, mimi huwa nalia."

"Sikiliza. Tovuti nyingi za habari zina kitu kinaitwa mlisho. Ni orodha ambayo tovuti yenyewe inaiweka kwa ajili ya mashine: kichwa cha habari, tarehe, na anwani ya habari yenyewe. Kuna programu ndogo, haina picha wala vitufe vya kubonyeza, unaiamuru kwa kuiandikia. Inazunguka kwenye milisho yote uliyoitajia, inakusanya habari na kuzihifadhi kwenye kompyuta. Baada ya hapo chukua kompyuta yako, shuka nayo hata kisimani, habari utazikuta."

"Hazitakimbia?"

"Zitakimbilia wapi, dada? Zitakaa kama ulivyoziweka."

Kompyuta ilikuwepo. Wafanyakazi wenzake walimzawadia mzee siku ya kumuaga, naye akaifunika kwa kitambaa cha kufumwa na kuifanya kiweko cha miwani. Jumamosi mchana Mkasi akaifunua, akaiweka mezani, akaweka simu pembeni ikiwa na sauti ya juu ili Kitinda awaelekeze. Mzee alivuta kiti akakaa nyuma ya bega la binti yake kama askari wa zamu.

Kwenye kioo likafunguka dirisha jeusi, tupu, lenye alama moja tu inayopepesa.

"Imezimika," mzee akasema.

"Haijazimika, baba. Hapa ndipo pa kuandikia amri."

"Amri? Basi iamuru ilete habari."

"Inataka maneno yake yenyewe, baba. Haielewi ya kwetu."

Kitinda alitaja herufi moja moja kwenye simu, Mkasi akazifuata kwa kidole kimoja. Alipobonyeza, dirisha likajibu kwamba amri haijulikani.

"Umeruka herufi," Kitinda akasema.

"Umejuaje na wewe uko huko?"

"Kila mtu huruka herufi."

Akarudia. Safari hii mashine ilifikiri kidogo, kisha ikajibu: ruhusa imekataliwa.

Mzee Taarifa alisimama. "Imekataliwa na nani? Kompyuta hii ni yangu! Ina jina langu mgongoni!"

Kwenye simu Kitinda alikuwa hoi kwa kicheko. "Baba, tulia. Dada alitaka kuhifadhi habari katika sehemu ya mfumo wenyewe. Ni kama mgeni anayetaka kulala chumba cha mwenye nyumba. Tengenezeni folda yenu wenyewe, muhifadhi humo. Mtaiita nini?"

"Studio," mzee akajibu bila kufikiri, akakaa.

Ikaundwa folda ya Studio. Ndani yake Mkasi akaandika faili dogo la anwani za milisho, kila moja kwenye mstari wake. Hapo mzee ndipo alipopata uhai. Alitaka habari za dunia, habari za mji, hali ya hewa, michezo, na bei za mazao.

"Baba, hatuna hata shamba."

"Taarifa ya habari isiyo na bei za mazao ni umbea tu."

Bei za mazao zikaingia. Mkasi akaandika amri ya mwisho, akavuta pumzi na kubonyeza. Mistari ikaanza kuporomoka kwenye dirisha jeusi, mmoja baada ya mwingine, kasi mpaka mzee akavaa miwani. Kisha yote ikatulia, na chini kabisa likatokea neno moja: tayari.

"Sasa zima mtandao, mjaribu," Kitinda akaagiza.

Mkasi akauzima. Mara ile ile ikasikika sauti ya fundi bomba kutoka chumbani, alikokuwa akitazama mpira: "Nani amezima mtandao? Anakwenda kupiga penalti!"

Hawakumjibu. Mkasi alifungua ukurasa mmoja uliohifadhiwa, wa hali ya hewa. Ulifunguka wote: mawingu asubuhi, manyunyu mchana, upepo wa wastani. Mzee akaugusa kioo kwa ncha ya kidole, akasubiri. Hapakutokea tangazo la godoro.

"Imetulia," akasema taratibu. "Angalia, mwanangu. Imetulia kabisa."

Msimamizi wa karakana alikuwa mwanamke mkavu wa maneno, futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata wakati wa chakula. Mkasi alipomweleza nia yake ya kumleta baba awasomee habari, alimtazama mpaka Mkasi akaanza kujuta.

"Baba yako ni yule yule? Wa redioni?"

"Ni yeye."

"Jumatatu aje. Nikikuta mshono mmoja umepinda, anapanda ngazi."

Jumatatu mzee alivaa koti na tai, viatu vimeng'aa. Wakamwekea kiti na meza ndogo kati ya meza ya kukatia na cherehani za mbele. Alisafisha koo. Miguu ya washonaji ikapungua kasi yenyewe, cherehani zikawa zinanong'ona.

"Hii ni taarifa ya habari," akaanza.

Mkasi alisikia nywele za mikono zikimsimama. Sauti ile aliyokuwa akiiaga usiku ilikuwa imekaa hapa, hatua chache kutoka kwenye chaki yake, ikiwa na mwili na tai. Bi Vifungo alifumba macho. Hata Ovaloki alifunga mdomo, jambo ambalo wengine walilitaja wiki nzima.

"Wakazi wa kitongoji kimoja pembezoni mwa mji," mzee alisoma, "wameamka na kukuta daraja lao la mbao limetoweka. Akizungumza kuhusu tukio hilo, mkuu wa kitongoji hicho amesema kwamba... soma zaidi."

 Akasogeza ukurasa juu, akausogeza chini. Hapakuwa na zaidi ya kusoma.

Mtu wa kazi hatikisiki. Akaingia habari ya pili. "Mwanamke mmoja aliyepoteza pete yake ya ndoa miaka mingi iliyopita ameipata ndani ya... soma zaidi."

"Ndani ya nini?" Ovaloki akauliza.

"Haikuandikwa, bibie."

"Ndani ya mfuko wa koti la shemeji yake!"

"Ndani ya mto wa mama mkwe!" mwingine akadakia kutoka nyuma.

"Yeye mwenyewe aliimeza siku ya ugomvi!" akasema Bi Vifungo, macho bado ameyafumba, na hapo karakana ikalipuka. Walicheka mpaka cherehani zikasimama. Mmoja alijifuta machozi kwa mguu wa suruali ya sare.

Mzee Taarifa aliwaangalia, uso umemshuka. "Habari," akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji kupandishwa, "haibuniwi." Akafunga kompyuta, akaibana kwapani, akapanda ngazi na tai yake.

Vicheko vikakatika. "Hatukumcheka yeye," Ovaloki alimwambia Mkasi, amenywea. "Tulicheka pete."

Jioni ile nyumba ilikuwa kimya. Mzee alikula, akashukuru, akaingia chumbani. Fundi bomba alizungukazunguka sebuleni kama mtu aliyepoteza kitu.

"Kimya hiki sikipendi," akamnong'oneza mkewe. "Sukari imekwisha tena, na hakuna aliyetangaza."

Mkasi akapiga moyo konde, akaenda kugonga mlango. Baba yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, koti bado mwilini.

"Samahani, baba. Nilifungua ukurasa mmoja tu wa hali ya hewa, nikadhani yote ni mazima. Nilipaswa kuchungulia mpaka mwisho."

"Mwanangu, sikukasirika na wewe. Wala na wale akina mama." Alivua miwani. "Maisha yangu yote sikufungua mdomo kabla ya kujua sentensi inaishia wapi. Leo nimeacha daraja hewani, nimeacha na pete hewani. Nilijiona kama mtu aliyepanda jukwaani amesahau suruali."

Mkasi alitoka, akampigia Kitinda, na alipomaliza kueleza, kwenye simu ikasikika sauti ya mtu anayejipiga kofi la paji la uso.

"Dada, nilisahau kukwambia. Tovuti nyingine kwenye mlisho zinaweka muhtasari tu, ili mtu aende kwao kusoma. Kuna neno moja la kuongeza kwenye amri, programu ifuate kila anwani na kuleta habari nzima."

"Neno moja?"

"Neno moja."

"Kitinda, baba amepanda ngazi na tai kwa sababu ya neno moja!"

"Nitaje au nisitaje?"

Akalitaja. Mkasi akaliongeza mwisho wa amri, na mzee, aliyekuwa amesikia makelele, akaja kusimama mlangoni. Safari hii mistari ilishuka polepole, kila mmoja ukisita kama mtu anayebeba mzigo. Fundi bomba naye akaja akasimama upande wa pili wa mlango. Mashine ilipotamka kwamba iko tayari, mzee alikaa, akafungua habari ya pete, akaisoma kimya tangu mwanzo mpaka nukta ya mwisho. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akacheka peke yake, kicheko cha chini chini, mpaka akakohoa.

"Ilikuwa ndani ya nini, baba?" fundi bomba akauliza.

Mzee akafunga kompyuta. "Utasikia kesho, kama wasikilizaji wengine."

"Lakini mimi kesho niko kwenye mabomba!"

"Pole sana," akasema mzee, akaenda kulala.

Kesho yake alishuka ngazi kabla ya Mkasi. Akina mama walimpokea kwa heshima za ajabu, shikamoo zikapishana, kila mmoja akiogopa kucheka hata kidogo. Mzee alisoma daraja kwanza. Lilikuwa limebebwa na mafundi waliotumwa kulitengeneza daraja la kitongoji jirani, wakakosea njia. Walilirudisha likiwa na mbao mpya na rangi, na sasa kitongoji cha jirani kinalalamika. Karakana ikatabasamu kwa adabu. Akaingia kwenye pete.

"Mwanamke mmoja aliyepoteza pete yake ya ndoa miaka mingi iliyopita ameipata ndani ya..."

"Mzee, tafadhali!" Ovaloki alikuwa amenyoosha mkono kama mwanafunzi. "Usimalize kwanza. Tuache tukisie."

 Mkasi aliishika chaki mpaka ikakatika. Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya tai, akairudisha.

"Kubuni ni kusema uongo ukauita habari," akasema. "Kukisia ni jambo jingine. Kukisia naruhusu. Lakini neno la mwisho ni la habari yenyewe, na atakayebisha nalo atoke nje."

Wakakisia kila mtu kwa zamu. Walitaja kiatu, godoro, gunia la mkaa, tumbo la mbuzi. Mzee aliwasikiliza wote kwa uso mkavu, kisha akasoma: ilikuwa ndani ya saa ya ukutani. Pete iliteleza ikaingia kwenye meno ya saa siku ile ile ilipopotea, na saa ikasimama. Kwa miaka yote hiyo familia ilikuwa imemnunia fundi saa wa mtaani, ikisema kaiharibu.

"Na saa je?" Bi Vifungo akauliza, akipangusa macho.

"Saa," mzee akasoma mstari wa mwisho, "inatembea."

Tangu siku ile mambo yakapata utaratibu wake. Kila asubuhi, kabla ya kuoga, Mkasi alifungua dirisha jeusi na kuandika amri yake, sasa kwa vidole vyote. Ilipogoma aliisoma sababu yake kwa utulivu, akarekebisha, akaendelea. Siku moja aliondoa mlisho uliokufa na kuongeza mwingine bila hata kumpigia Kitinda, na akajikuta anapiga mluzi bafuni. Mzee alizipitia habari wakati wa chai, akachagua. Nyumbani hakutangaza tena kitu. Fundi bomba, aliyekuwa ameuombea ukimya huo, sasa ndiye aliyeng'ang'ania mezani kila jioni: "Baba, yule mbunge aliyefungiwa kwenye lifti, alitoka?"

Kisha ikaja habari ya jezi.

Karakana ilikuwa imeshona jezi za timu ya wanawake ya mji wao, na timu hiyo ilikuwa imesafiri mbali kucheza fainali. Asubuhi iliyofuata fainali hiyo Mkasi alikuwa amechelewa, akapakua habari mbio mbio bila kutazama. Mzee alizisoma kwenye chai, akainua nyusi, akanywa chai yake yote bila kusema neno. Njiani Mkasi alimbembeleza. Mzee akazungumzia hali ya hewa.

Alipofika mezani kwake hakuanza na dunia wala na mji. Alianza na michezo. Cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine, na Msimamizi, aliyekuwa kwenye kijiofisi chake cha kioo, hakutoka kuwakemea.

"Hadi dakika za mwisho timu yetu ilikuwa mbele kwa bao moja," mzee alisoma, "ndipo mwamuzi alipowapa wapinzani penalti. Mlinda mlango wetu aliruka kulia, na hapo hapo mshono wa bega la jezi yake ukafumuka..."

Akatua, kama ilivyokuwa desturi yao.

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Mabega ya jezi zile yalishonwa na mtu mmoja tu. Ovaloki alikuwa amebadilika rangi.

"Uzi!" akafoka. "Uzi ule ulikuwa mbovu, nilisema mbele yenu wote!"

"Nani anakisia?" mzee akauliza.

Hakuna aliyekisia. Mlango wa kijiofisi ukafunguka, Msimamizi akasimama pale, futi shingoni, mkono kiunoni. "Mzee," akasema, "naomba usome."

Mzee akasoma. "Mpira ulimgonga kwenye kiwiko, ukapaa, ukagonga mwamba na kutoka nje. Kombe limekuja nyumbani. Akizungumza na waandishi baada ya mchezo, mlinda mlango huyo alisema jezi ilikuwa ikimbana begani tangu mwanzo. 'Mshono ulipoachia,' alisema, 'ndipo mkono wangu ulipofika pale ambapo usingefika. Jezi hii sitaipeleka kwa fundi.'"

Kelele zilizopanda pale ziliwashusha wauza viatu kutoka juu kuja kuuliza kama kuna moto. Bi Vifungo alirusha kopo la vifungo, vikamwagika kila pembe. Ovaloki alipanda juu ya kiti chake.

"Nilishona makusudi!" akapiga kelele. "Nililijua hilo bega!"

"Habari haibuniwi, bibie," mzee akamwambia, lakini mdomo ulikuwa unamcheza.

Msimamizi aliwaacha wacheke hadi wachoke. Naye alikuwa anacheka, meno yote nje, jambo geni kabisa. Halafu akashika kidevu. "Subirini kwanza. Kama bega lilimbana, kosa si la mshono. Bega lilikatwa jembamba." Akageuka taratibu. "Na mkata nguo hapa ni nani?"

Mkasi akajificha nyuma ya kitambaa. Baba yake alicheka mpaka miwani ikamwanguka mapajani, na kicheko hicho Mkasi alikipokea kwa moyo mweupe, maana utotoni hakuwahi kukisikia kikitoka redioni. Siku hiyo hiyo aliketi akachora upya kiolezo cha bega, kipana zaidi.

Wiki chache baadaye Kitinda alipata likizo. Hakumwambia mtu. Alishuka kwenye basi, akaacha begi kwa wauza viatu, akashuka ngazi za karakana na kusimama kwenye ngazi ya chini kabisa, akisikiliza. Programu ile alikuwa amewaelekeza kwa simu. Matunda yake hakuwahi kuyaona kwa macho.

Mzee alikuwa katikati ya habari ya bomba kuu la maji. Aliinua uso kuvuta pumzi, akamwona.

"Wasikilizaji wapendwa," akasema, akivua miwani. "Wasikilizaji wapendwa, niwieni radhi. Binti yangu mdogo amefika."

Aliinuka, koti likanasa kwenye kiti, akalivuta, akamwendea. Walikumbatiana pale chini ya ngazi. Akina mama walipiga makofi, baadhi wakatafuta vitambaa vya kujifutia machozi, na hapo hapakukosekana vitambaa.

Ni Ovaloki aliyeshindwa kuvumilia. "Hongereni sana, karibu, karibu mwanangu. Lakini bomba? Maji yanarudi lini?"

Mzee hakumwachia Kitinda mkono. Alimtazama binti yake mkubwa juu ya meza ya kukatia. "Soma wewe, mama."

"Mimi?" Mkasi alishtuka. "Baba, kazi yangu mimi ni kukata!"

"Sentensi inaishia wapi unajua. Uliihifadhi mwenyewe."

Mkasi alijipangusa chaki mikononi, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la baba yake. Sauti ilitoka nyembamba, ikayumba kwenye jina la mhandisi, akalirudia kutoka mwanzo. Baba yake na mdogo wake walikuwa wameketi juu ya majora ya kitambaa, wamebanana, na mzee alikuwa ameinamisha kichwa na kutega sikio upande mmoja, kama watu wanavyosikiliza redio.

Kufikia aya ya pili sauti ilikuwa imekaa vizuri. Bi Vifungo akanyoosha mkono, anataka kukisia. Mkasi akaweka kidole kwenye mstari aliofikia, akainua uso, akampa nafasi.